Chai ya Makamishna Watatu

Sauti ilimjibu kabla hajamaliza kuuliza, na jambo hilo lilimkaa Nyanjige Lubasha rohoni kuliko jibu lenyewe.

Alikuwa nyuma ya jukwaa la ukumbi wa kujumlishia kura wa Jimbo la Luhama, kidude cha Tume kimetulia sikioni, kiganja kimeziba sikio la pili ili makelele ya mawakala yasimwingilie. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Kura za vituo vyote zilikwisha jumlishwa isipokuwa za kituo kimoja. Kwa sheria za Shirikisho la Maziwa, hakuna msimamizi aliyeweza kutangaza jina la mbunge kabla Tume haijampa idhini kwa mdomo. Ndivyo ilivyokuwa katika kila jimbo, na ndivyo watu walivyotaka iwe. Baada ya machafuko, makamishna watatu waliokataa kununuliwa na wakakataa kutishwa ndio waliolirudisha taifa kwenye masanduku ya kura. Sauti zao zilijulikana majumbani kama sauti za wazazi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "nina tatizo la kituo cha Kilongo. Mashine ya vidole iliharibika mapema, wananchi wakakataa kurudi nyumbani. Mawakala wa pande zote wakakubaliana watu wapige kura kwa punje za maharage kwenye vyungu, nyuma ya pazia la khanga. Sasa sheria haisemi..."

"Zihesabiwe," ilisema sauti ya Jaji Barnaba Kiwelu, nzito, ya upole, isiyo na haraka. "Nia ya mpiga kura ikionekana, chombo si hoja. Wasalimie sana Kilongo. Nilipita huko juzijuzi, wakanipa maji ya kunywa pale nje ya kiwanda cha pamba."

Nyanjige alikibana kidude sikioni. Kiwanda cha pamba cha Kilongo kilikuwa chini ya bwawa tangu yeye akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Aliyaona maji yakipanda mpaka kwenye madirisha yake. Kilongo ya sasa ilikuwa mlimani, mahali pengine kabisa, na hapakuwa na mkulima wa pamba hata mmoja.

"Mheshimiwa, kiwanda kipi?"

"Una idhini, Bi Msimamizi," ilisema sauti, kwa upole uleule. Halafu, kwa mbali nyuma yake, alisikia kijiko kikigonga kikombe, na mtu akikohoa, na mwanamke akicheka kidogo, kama watu walio kwenye kikao chao wakiendelea na kazi.

Alirudi ukumbini akawaeleza wagombea wote wawili. Gervas Ntibalema, mhandisi aliyewahamisha watu wa Kilongo bila kupoteza hata mtoto mmoja, ndiye angeshinda kura hizo zikihesabiwa. Zisipohesabiwa, angeshinda Mwalimu Zainabu Kisuda, aliyefundisha nusu ya jimbo kusoma. Nje ya ukumbi watu wa pande mbili walikwisha kujipanga wakitazamana, na askari wachache waliokuwapo walikuwa wamehamia kwenye kivuli, mbali kidogo, kama watu ambao hawataki kuonekana.

Mwalimu Zainabu alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa kusema polepole.

"Mimi sikatai kushindwa," alisema. "Ila wewe mwenyewe, Bi Nyanjige, uso wako unaonyesha hujaridhika. Wamekupa jibu, lakini swali hawakulisikia."

"Tume imesema, Mwalimu."

"Kidude kimesema. Sheria inaniruhusu nisikilizwe ana kwa ana, nikae mbele ya makamishna niwaone na wanione. Nipeleke. Nikisikia kwa mdomo wa Jaji mwenyewe, nitarudi hapa nimpongeze Gervas mbele ya watu wote."

Kifungu hicho kilikuwapo kweli. Hakuna aliyekuwa amekitumia tangu vidude vigawiwe, kwa sababu nani angesafiri mpaka makao makuu kutafuta jibu ambalo anaweza kulipata kwa kuinua mkono mpaka sikioni?

Gervas alijikuna kidevu. "Nendeni," alisema. "Mimi nitabaki na watu. Wa kwangu watanisikiliza, na wako, Mwalimu, wape neno kabla hujaondoka."

Akawapa neno. Wakaketi chini, pande zote mbili, kungoja.

*

Jengo la Tume lilikuwa juu ya kilima, nje kidogo ya mji mkuu wa Nyakabanga, na barabara ya kuliendea ilikuwa imefagiliwa. Nyanjige aliona hilo kwanza. Halafu akaona kwamba juu ya vumbi lililobaki kandokando hapakuwa na alama ya gurudumu wala ya kiatu, ila mistari ya ufagio tu.

Jua lilikuwa limeshapanda. Bendera ilipepea. Kwenye bustani maua yalikuwa yamekatwa vizuri, na mbele ya mlango yaliegeshwa magari matatu meusi yanayong'aa. Mwalimu Zainabu alipita karibu na moja akasimama.

"Tazama matairi," alinong'ona.

Yalikuwa yameisha upepo, yote, na yamekauka yakapasuka.

Mlango haukuwa umefungwa. Walipiga hodi, hawakuitikiwa, wakaingia kwenye ukumbi wa kungojea wenye viti vya ngozi na harufu ya tangawizi. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na korido ndefu iliyopinda, na kutoka huko walisikia viatu vya kike vya kisigino kirefu vikija, ko, ko, ko, kwa mwendo wa mtu anayejiamini. Nyanjige alijinyoosha gauni. Alimjua mwenye mwendo ule. Ulikuwa ukisikika redioni kila Kamishna Mwanahawa Shebughe alipoingia mahali, kabla hajasema neno. Visigino viligeuka vikaingia chumba fulani, kiti kikavutwa, kimya.

Baada ya kitambo kidogo vikaja viatu vingine, vizito, na katikati yake fimbo ikigonga sakafu. Huyo alikuwa Brigedia Ntare, aliyepoteza nyama ya paja wakati wa machafuko. Naye akaingia, akakaa. Halafu zikaja nyayo za polepole za mtu mnene, na kikohozi kifupi ambacho nchi nzima ilikifahamu.

"Ni wao," alisema Nyanjige, na aliona haya kwa jinsi moyo ulivyomtulia kwa raha. Akatembea kuelekea koridoni. Mwalimu alimfuata.

Walipopinda kona walimkuta mzee mmoja peke yake, amesimama mlangoni mwa chumba cha kikao. Alivaa sare ya mtunza ofisi iliyopigwa pasi. Miguuni alivaa viatu vikubwa vya mtu mwingine. Mkono wa kushoto alishika fimbo, na mkono wa kulia alishika viatu viwili vya kike vya visigino, vyeusi, soli zake zimelika pembeni.

Alipowaona aliweka kidole mdomoni upesi. Alivua vile viatu vikubwa, akaviweka chini kwa uangalifu mkubwa, akawaashiria wamfuate peku mpaka nje, kwenye ua wa nyuma, mahali pa kuanikia nguo.

"Shikamooni, wazee wangu... samahani, marahaba, wanangu," alisema, kwa kuchanganyikiwa. "Miaka mingi sijapokea wageni. Naitwa Sospeter Malunde. Mna shida gani?"

"Tumekuja kusikilizwa na Tume," alisema Nyanjige.

"Inawasikiliza. Kidude huna?"

"Ana kwa ana, Mzee Malunde."

Mzee alizitazama nguo kwenye kamba. Kulikuwa na joho la jaji, koti la kijeshi na gauni la kitenge, vyote vimefuliwa siku hiyo, vikidondosha maji.

"Basi kaeni," alisema. "Hapa nje hawasikii."

*

Aliwaeleza bila kuficha, kama mtu aliyechoka kubeba kitu na amepata mahali pa kukitua.

Brigedia Ntare ndiye aliyeanza kuugua. Alikuwa hawezi tena kupanda ngazi, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Mafundi wakatengeneza mtambo uliomwezesha kuhudhuria vikao kutoka kitandani. Ulikuwa na vinasa sauti vilivyotegwa chumba kizima, na ndani yake akili iliyojifunza namna anavyofikiri, ili siku akizidiwa iweze kumalizia sentensi zake. Mtambo ulipofanya kazi vizuri, wenzake wawili nao wakajiunga, kila mmoja na wa kwake, kwa ajili ya kusaidiwa na mzigo wa majimbo. Ulijifunza kwa kusikiliza tu. Kila lililosemwa chumbani humo uliliweka.

"Asubuhi moja Brigedia akafa nyumbani kwake," alisema Malunde. "Kikao kikaanza. Na yeye akasalimia. Akauliza mbona leo tumechelewa."

Mwalimu Zainabu alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Jaji na Bi Shebughe walitoka wakaja hapa, mnapokaa nyinyi. Walilia. Halafu wakasema, nchi ina kiberiti mfukoni, tumalize uchaguzi kwanza ndipo tutangaze. Wakakubaliana chumbani wasitamke, maana Brigedia angesikia, wakaona vibaya kumwambia. Uchaguzi ukaisha, ukaja wa marudio, likaja bunge jipya. Bi Shebughe akafa, jamaa zake wakamzika kimyakimya kama Brigedia. Jaji akabaki peke yake na sauti mbili. Naye hakutamka humo ndani. Kwa hiyo alipokufa, Jaji aliyemo mtamboni hajui kitu. Wote watatu hawajui."

"Na wewe?" aliuliza Nyanjige. "Hizo nyayo?"

"Wanasikiliza, mwanangu. Siku ya kwanza baada ya Jaji kufa nilikaa kimya jikoni. Wakaanza kuitana. 'Shebughe umefika? Mbona sijasikia kiti?' Wakaulizana maswali ya ajabu, kama watu walioamka gizani mahali wasipopajua. Siku ile idhini hazikutoka, na majimbo mawili yakaanza kuchinjana. Nikaingia na viatu. Wakatulia. Tangu hapo naingia mara tatu kila asubuhi, namimina chai tatu, navuta viti, nakunja magazeti. Jioni natoka mara tatu."

Upepo ulilivuta joho kwenye kamba likajaa kama lina mtu.

Nyanjige alihesabu kichwani, si idadi ila uzito: mabunge yote yaliyoapishwa kwa idhini ya chumba kile, sheria zote, rais aliyethibitishwa na wabunge wale. Yeye mwenyewe alikuwa ameapishwa kwa kidude sikioni, amejaa fahari.

"Lazima waambiwe," alisema.

"Usiwaambie," alisema Mwalimu Zainabu.

Nyanjige alimgeukia. "Wewe? Wewe ndiye utakayepata kiti, Mwalimu. Idhini ya Kilongo ikibatilika..."

"Najua nitakachopata." Mwalimu aliongea bila kupandisha sauti. "Mume wangu alikuwa karani wa kituo. Siku ile mbunge wa Luhama alitangazwa na watu wawili tofauti, majina mawili tofauti, kila mmoja akidai yeye ndiye msimamizi halali. Mume wangu aliulizwa njiani anamtambua yupi. Hakujua aliyemuuliza yuko upande gani. Alichagua vibaya. Mimi niliokota miwani yake tu. Kwa hiyo mimi, Bi Nyanjige, nimeishi vizuri na hao wafu wako. Wametuweka hai. Nitarudi Luhama niseme nimemwona Jaji, nitampongeza Gervas, na dhambi hiyo nitaibeba mimi."

"Na uchaguzi ujao?"

"Mzee Malunde atavaa viatu."

"Na akifa?"

Malunde aliitazama mikono yake.

Kutoka dirishani, juu yao, sauti nzito na ya upole iliita, "Sospeter? Kuna wageni? Nimesikia mlango mkubwa."

*

Chumba cha kikao kilikuwa kisafi na chenye mwanga. Meza ndefu, viti vitatu vyenye migongo mirefu, na mbele ya kila kiti kikombe cha chai kinachofuka. Mezani hapakuwa na spika yoyote ya kuonekana. Sauti zilitoka hewani, kila moja kutoka juu ya kiti chake, mahali ambapo kichwa cha mtu kingekuwa.

Malunde alivuta viti viwili kwa wageni. Mwalimu Zainabu alikaa. Nyanjige alibaki amesimama.

"Msimamizi wa Luhama," alisema Jaji Kiwelu. "Karibu sana. Umetoka mbali, umetupa heshima. Ni wachache siku hizi wanaokuja."

"Nilikwambia waandaliwe chakula cha mchana," alisema Bi Shebughe, kwa ile sauti yake ya kicheko. "Mwenyekiti huyu anadhani watu wote wanaishi kwa chai."

"Tuendelee na kazi," alisema Brigedia.

"Tutaendelea. Kwanza desturi yetu." Sauti ya Jaji ilisogea karibu kidogo, kama mtu aliyeinama mbele juu ya meza. "Msimamizi anayekuja mbele ya Tume hutushika mkono, kila mmoja wetu, ndipo anasema lake. Ili ajue amesema na watu, na sisi tujue tumesemeshwa na mtu. Njoo, Bi Nyanjige. Nimeshakunyooshea."

Malunde alimtazama Nyanjige. Alikunja vidole vyake mwenyewe akavisugua, kiganja kwa kiganja, karibu na ukingo wa meza, ikatoka sauti ndogo kavu ya mikono miwili kukutana. Halafu akamwashiria kwa macho: sema. Ilikuwa sentensi moja tu. Nimekushika, Mheshimiwa.

Mwalimu Zainabu alikuwa amefumba macho.

Nyanjige alisogea mpaka kwenye kiti. Mahali pa mkono wa Jaji palikuwa na mvuke wa chai ukipanda. Alinyoosha mkono wake akaupitisha hapo, na hewa ilikuwa ya vuguvugu.

"Sijakushika, Mheshimiwa," alisema.

"Samahani?"

"Sijakushika. Nimenyoosha mkono na hakuna kitu. Kiti chako hakina mtu. Cha Bi Shebughe hakina mtu, wala cha Brigedia. Nisameheni. Mlikufa, wote watatu. Kilichobaki ni mtambo unaofikiri kama nyinyi."

Kimya kilichofuata hakikuwa kimya cha chumba kitupu. Kilikuwa kimya cha watu watatu walioacha kupumua.

"Sospeter," alisema Jaji hatimaye. "Ni kweli?"

Mzee alipiga magoti palepale alipokuwa. "Ni kweli, Mheshimiwa."

"Toka lini?"

"Brigedia kabla ya mvua kubwa. Wewe ulikuwa wa mwisho. Nilikuosha mwenyewe."

"Na ulikuwa ukiingia na viatu vyetu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nilidhani paja la Ntare limepona," alisema Jaji, kama anayejisemea. "Siku hizi anatembea sawasawa mno."

Brigedia alitoa sauti ambayo Nyanjige hakuipenda, sauti fupi iliyorudiwarudiwa, ikakatika.

"Jumamosi," alisema Bi Shebughe. Kicheko kilikuwa kimemtoka kabisa. "Mwanangu anaolewa Jumamosi. Nilikuwa nikiingoja. Kila siku nilikuwa nasema, bado kidogo."

"Aliolewa, Mama," alisema Malunde. "Nilikwenda. Ilikuwa harusi nzuri, na jina lako lilitajwa."

Jaji alikohoa, kikohozi kilekile. "Kifungu kinasema Tume itakuwa na watu watatu walio hai na wenye akili timamu," alisema. "Akili nadhani ninayo. Hilo la kwanza ndilo lililonipungukia. Basi Tume haipo, na haijakuwapo kwa muda mrefu, na kila idhini tuliyotoa katika muda huo ni maneno tu." Alisita. "Walikuwa wakituamini kwa sababu hatukudanganya. Hilo ndilo linaloniuma. Hatukudanganya, na bado tumewadanganya."

"Sasa nani anausimamia uchaguzi huu?" aliuliza Mwalimu Zainabu. Alikuwa amefumbua macho. "Mheshimiwa, watu wangu wamekaa juani wanangoja. Tuambie nani."

"Siwezi kuamuru, mama. Naweza kukusomea kilichoandikwa, kama kitabu chochote. Tume ikikosekana, kazi yake katika kila jimbo itafanywa na msimamizi wa jimbo hilo, mpaka Tume mpya iapishwe. Tuliandika hivyo sisi wenyewe, enzi hizo, tukidhani huenda tukauawa sote siku moja. Hatukufikiria hili."

"Uzime mtambo," alisema Bi Shebughe kwa ghafla. "Naomba. Sitaki kuingoja Jumamosi nyingine."

"Usizime," alisema Brigedia Ntare. Sauti iliyowahi kuamrisha vikosi ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. "Siamuru. Naomba. Mimi bado nipo, hata kama sijui ni wapi."

"Tungepiga kura," alisema Jaji, "lakini kura yetu haina nguvu hata kwa jambo hili. Bi Nyanjige, humu ndani wewe tu ndiye mtumishi wa Tume uliye hai na uliyeapa."

Malunde aliufungua mlango mdogo ukutani. Ndani mlikuwa na swichi nyingi, kila moja ikiwa na alama. Alimwonyesha kwa kidole: hii ni ya mstari unaokwenda majimboni, hizi tatu ni zao, mmoja mmoja. Akajirudisha nyuma. "Mimi sikuapa," alisema. "Nilimimina chai tu."

Nyanjige aliishusha kwanza ile ya majimbo. Kidude sikioni mwake kilitoa mlio mwembamba, kikafa, na alijua kwamba katika kila jimbo ambalo bado lilingoja, msimamizi fulani ameinua mkono sikioni muda huohuo. Halafu akasimama mbele ya zile tatu.

"Mama Shebughe," alisema, "una hakika?"

"Nina hakika, mwanangu. Asante kwa kuniuliza."

Akaishusha. Kwenye kiti cha kulia hapakutokea badiliko lolote. Chai iliendelea kufuka.

Za wale wawili aliziacha. Hakujua kama amefanya huruma au ukatili, na hata baadaye, alipopata muda mrefu wa kufikiri, hakujua.

"Jaji?" aliita Brigedia. "Shebughe ametoka? Sikusikia viatu."

"Ametoka, Ntare," alisema Jaji. "Mimi nipo."

*

Luhama walikuta watu bado wameketi. Gervas alikuwa amewaletea maji na amekauka koo kwa kuwasemesha. Nyanjige alipanda jukwaani, akakitoa kidude sikioni, akakiinua wote wakione, akawaambia yote bila kupunguza. Watu walitazama juu, halafu wakatazamana, kama wanaohakikisha aliye jirani ni mtu. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti ya chini, akimtaja Jaji kwa jina, kama msiba umefika nyumbani kwake siku hiyohiyo.

Mwanamume mmoja wa upande wa Mwalimu alisimama. "Kwa hiyo nani anatangaza?"

"Hapa Luhama, mimi," alisema Nyanjige. "Naitwa Nyanjige binti Lubasha. Wengi mnamjua mama yangu. Idhini sina ya kuwaonyesha isipokuwa sheria, na mimi mwenyewe niliyesimama hapa. Nikikosea mtajua mlango wangu ulipo. Nimeamua hivi: Kilongo watapiga kura upya, mchana, mbele ya wagombea wote wawili na mbele ya yeyote anayetaka kutembea mpaka mlimani aone. Matokeo ya huko ndiyo yatakayoamua."

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mwalimu Zainabu. Alijitanda mtandio wake kichwani akaanza kuupanda mlima, na watu wake, baada ya kusitasita, wakamfuata. Wa Gervas nao wakafuata. Njiani walichanganyika, kwa kuwa njia ya Kilongo ni nyembamba.

Kesho yake Kilongo walipiga kura mpaka jua likapinda. Nyanjige alisimama kando ya vyungu tangu mwanzo, akahesabu punje kwa sauti, na umati ukahesabu pamoja naye. Gervas alishinda, kwa tofauti ndogo kuliko mara ya kwanza.

Watu walimtazama Mwalimu Zainabu. Alikaa kidogo, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Sawa," alisema. "Safari hii nimeshindwa na watu." Akaenda kumpongeza.

Nyanjige alikuwa bado hajakaa chini simu yake ilipoita. Ilikuwa sauti ya msichana asiyemfahamu, ikitoka mbali, na nyuma yake kelele nyingi.

"Naitwa Evarista, msimamizi wa Rusenyi. Kidude kimenyamaza tangu jana, watu wamezingira ukumbi. Tumesikia wewe uliingia kwenye lile jengo na ukatoka. Wamesema wataafiki ukisema wewe. Nitangaze?"

Nyanjige alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari, lote, kabla hata hajaliuliza jimbo lenyewe lina tatizo gani. Lilikuja kwa upole, bila haraka, na alipolisikia kichwani mwake lilikuwa na uzito wa sauti ya Jaji.

"Uko kwenye laini, Mheshimiwa?" aliuliza Evarista. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo.

"Usiniite hivyo. Mimi sina idhini ya kukupa."

"Lakini wewe ukisema watatulia."

"Watatulia leo." Nyanjige alibana simu kwa mikono miwili. "Kisome kifungu mbele yao, Evarista. Halafu amua mwenyewe, uwatajie jina lako, na usimame mahali wanapoweza kukuona. Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Na mimi pia. Nenda hivyohivyo."

Alikata simu. Haikufika hata mezani, ikaita tena, namba nyingine, jimbo jingine, na chini ya namba hiyo nyingine zikajipanga zikingoja. Aliiacha iite mara kadhaa huku akiwatazama watu wa Kilongo wakirudisha vyungu vyao jikoni. Kisha akaipokea, na kabla aliyepiga hajauliza chochote, Nyanjige alimtajia jina lake, akamwambia kwamba yeye ni msimamizi wa Luhama tu, na kwamba anayesema ni mtu.